Udaktari wa sheria ya kimataifa: ya barazani na ya kweli

Sema barazani Mji wa Kale kwamba unasomea udaktari wa sheria ya kimataifa, na kahawa haijapoa utakuwa ushatumwa The Hague. "Ungekuwako wewe, ile bahari tusingepokonywa," aliniambia mzee mmoja, kashata mkononi. Alikusudia hukumu ya Oktoba 2021 ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyoko The Hague, Uholanzi, juu ya mpaka wa bahari baina ya Somalia na Kenya.

Mzee wangu, kwa heshima zote, PhD, ndio udaktari wenyewe, si leseni ya mahakamani. (Na vikao vya Machi mwaka ule Kenya yenyewe haikuhudhuria.) Sheria inayoongoza mahakama ile, kifungu cha 2, yataka jaji awe na sifa za kushika cheo cha juu kabisa cha ujaji kwao, au awe mtaalamu anayetambulika wa sheria ya kimataifa. Udaktari haukutajwa. Joan Donoghue, aliyekuwa rais wa mahakama siku ya hukumu hiyo, ana JD, nayo ni shahada ya msingi ya uwakili kule Marekani. Hata hapa Mombasa, anayetaka kusimama mbele ya hakimu kwa kawaida hupitia Kenya School of Law, akajifunza kazi chini ya wakili mzoefu, kisha akaapishwa. Asiyepita huko hukaa viti vya nyuma na wasikilizaji, hata awe na PhD tatu.

Eti ni masomo ya watoto wa matajiri? Inategemea nchi. Uholanzi na Norwe, wengi huajiriwa na chuo na kulipwa mshahara. Uingereza ni karo au ufadhili.

Wengine hudhani ni kuhifadhi mikataba kama juzuu. Laiti! Tasnifu ni swali moja tu, linalotafunwa kwa miaka mitatu, minne au zaidi. Pendekezo langu la kwanza lilihusu "sheria ya bahari", yote nzima. Likarudi na mstari mmoja wa kalamu nyekundu: Swali liko wapi?

Ila linaloniudhi ni kuambiwa haya ni mambo ya Wazungu. Maharamia waliokamatwa na manowari za kigeni si waliletwa papa hapa, wakawekwa gereza la Shimo la Tewa? Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Mombasa iliamua haina mamlaka juu ya uharamia uliotendwa nje ya maji ya Kenya. Mwaka 2012 Mahakama ya Rufaa ikapindua: haramia aweza kuhukumiwa na nchi yoyote.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta chembe za kashata kidevuni. "Sasa hao waliowashika, mbona hawakuwahukumu kwao?"

Nikanyamaza. Kifungu cha 105 cha Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 chasema mahakama za nchi iliyokamata zaweza kuamua adhabu. Nchi iliyokabidhiwa tu watuhumiwa haikutajwa, na wanazuoni wangali wanavutana.

Nikamwita muuza kahawa amjazie mzee kikombe cha pili.