Kupoza chila kwa maji ya ziwa kwenye EnergyPlus: namba mbili za kuchunga

Maji ya Ziwa Victoria hapa Mwanza huwa nyuzi 25 hivi. Hayawezi kupoza vyumba moja kwa moja, ila kondensa (sehemu inayotoa joto nje) ya chila, yaani mashine inayopoza maji ya viyoyozi, yanaifaa, tena kupitia kibadilisha joto, maana mwani na konokono hatutaki viingie kwenye chila.

Kwenye EnergyPlus, programu ya kompyuta ya kuiga matumizi ya nishati ya majengo, kifaa hicho ni HeatExchanger:FluidToFluid. Kinakaa kwenye mizunguko miwili: upande wa mahitaji (unaotumia maji) wa mzunguko wa ziwa, na upande wa ugavi (unaoyaandaa maji) wa mzunguko wa kondensa. Wengi hukiweka kinyume, wakidhani kwa kuwa ziwa ndilo chanzo, basi kikae kwenye ugavi wake. Ugavi wa ziwa ni pampu na PlantComponent:TemperatureSource yenye ratiba ya joto la maji, basi.

Sasa namba ya kwanza, UA, yaani uwezo wa kibadilisha joto kupitisha joto kwa kila nyuzi ya tofauti. Tuseme kondensa ya chila inatoa joto la kilowati 350. Maji ya ziwa yanaingia 25, yanatoka 30. Ya kondensa yanaingia 32, yanarudi 27. Kila upande unahitaji lita 16.7 kwa sekunde. Tofauti ya joto kati ya maji hayo mawili ni nyuzi 2 mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo UA ni 350 ÷ 2 = 175. Hizo ni kilowati kwa nyuzi. Programu inataka wati. Andika 175000, na aina iwe CounterFlow (maji mawili yapite yakielekea kinyume). Ukiandika 175, maji ya ziwa yatapita bila kubeba joto na kondensa itachemka kwenye kompyuta.

Hiyo ni ya bamba safi la kibadilisha joto. Tope na mwani vikiongeza ukinzani wa joto wa 0.0001 (mita za mraba kwa nyuzi kwa wati) kwenye bamba la wati 3,500 kwa mita ya mraba kwa nyuzi, UA hushuka hadi 130000 hivi, na maji hurudi kwenye chila yakiwa 27.7. Mimi huingiza hiyo ya uchafu. Kumbuka pia kwenye programu UA haibadiliki pampu ikipunguza mwendo, wakati bamba halisi hudhoofika.

Namba ya pili ni msukumo wa pampu ya ziwa. Chaguo-msingi ni paskali 179352. Jengo likiwa mita 30 juu ya ziwa, kama miinuko ya Capri Point, na maji yakimwagwa wazi huko juu, kupandisha tu ni 294000. Ongeza msuguano, kibadilisha joto na chujio linalozibwa na magugu maji, ufike 370000. Kwa ufanisi wa asilimia 60, pampu inakula kilowati 10, si 5.