Bidhaa ya Oda au ya Akiba? Hesabu Siku Kwanza

Katika programu nyingi za kupanga uzalishaji, kadi ya kila bidhaa ina sehemu moja ndogo ambayo watu huijaza upesi na kuendelea: bidhaa hii itengenezwe mteja akishaagiza, au itengenezwe mapema ikae ghalani? Jibu la hapo ndilo linaloamua programu ianze lini kudai malighafi, na kwa ajili ya nani.

Bidhaa ya akiba huongozwa na makadirio ya mauzo pamoja na kiwango cha chini cha ghala. Ikipungua kufikia kiwango hicho, programu hupendekeza nyingine zitengenezwe, na mteja yeyote anaweza kuuziwa. Bidhaa ya oda haimsubirii mteja rafuni. Oda ikiingia, agizo la uzalishaji hufungwa kwenye oda hiyo, na kitakachotoka kiwandani kina mwenyewe tayari.

Wengi tunaowafundisha huanza kwa kuuliza kama kiwanda chao ni cha oda au cha akiba. Swali hilo liulizwe kwa kila bidhaa, na kwa kila kijenzi kilicho ndani yake. Chukua meza inayokatwa kwa vipimo vya mteja. Mteja yuko tayari kusubiri siku 10. Kazi ya karakana ni siku 4, lakini miguu ya chuma hufika siku 21 baada ya kuagizwa. Ukiiandika meza kuwa ya oda pamoja na vyote vilivyomo, programu itahesabu siku 25, na mteja atakwenda kwingine. Meza na iwe ya oda, miguu iwe ya akiba, maana miguu ni ileile kwa kila meza. Skrubu nazo ukiziweka kwa oda, ofisi ya manunuzi itapokea ombi la skrubu 16 kila meza moja inapouzwa. Nimeona wanunuzi wakiacha kabisa kusoma mapendekezo ya programu kwa sababu ya utitiri wa namna hiyo.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa kompyuta, anza na tarehe ya kumkabidhi mteja mzigo wake, kisha hesabu siku kurudi nyuma hadi siku ya oda, ukitoa zile za kazi ya karakana. Kijenzi kisichoweza kupatikana ndani ya siku hizo kiwekwe akiba. Kama ni cha mteja huyo peke yake, mwambie mapema kwamba atasubiri zaidi.

Usiipe bidhaa ya oda kiwango cha chini cha ghala. Baadhi ya programu zitatengeneza mara mbili: moja ya mteja, nyingine ya kujaza rafu.

Oda ikifutwa, kuwa mwangalifu. Meza iliyokwisha kutengenezwa inaweza kuonekana ghalani huku bado imeshikwa na oda iliyokufa. Mtu aifungue kutoka kwenye oda hiyo, la sivyo mteja mwingine akitaka vipimo vilevile, programu itaagiza meza mpya na ile ya kwanza itaendelea kushika vumbi.