Swali la Ziada Dirishani

Kijana mmoja wa Kibra, Nairobi, alifika ofisini kwetu na bahasha ya kaki iliyolainika kwa kushikwa. Ndani mlikuwa na cheti chake cha kuzaliwa, nakala za vitambulisho vya wazazi, cheti cha kidato cha nne, na barua ya babu yake ya kustaafu uaskari, imekunjwa mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Wenzake wa darasa moja walikuwa na vitambulisho tayari. Yeye, kwa kuwa ni Mnubi, aliambiwa akapigwe msasa kwanza mbele ya wazee, aeleze babu yake alitoka wapi.

Tukitaja ubaguzi wa rangi, wengi hufikiria matusi ya uwanjani au Afrika Kusini ya zamani. Kazi hii ya msaada wa kisheria imenionyesha kwamba mara nyingi hauna hata kelele. Ni swali moja la ziada dirishani, linaloulizwa baadhi yetu tu kwa sababu ya jina, nywele au rangi.

Kitambulisho chenyewe bado tunakiita kipande. Kuanzia miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kutembea nacho, mara nyingi kikiwa ndani ya kikebe cha bati shingoni. Mzungu wakati huo hakudaiwa. Uhuru ulikuja, lakini kuchujwa kwa asili kukabaki: kwa Wanubi, ambao wazee wao waliletwa kutoka Sudan kuwa askari wa Mwingereza, kwa Wasomali, na kwa ndugu zetu wa Pwani wenye asili ya Kiarabu.

Sheria iko wazi. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza ubaguzi wa rangi, kabila na asili. Machi 2011, Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya iliwabagua watoto wa Kinubi katika suala la uraia. Februari 2025, Rais Ruto akiwa Wajir alitia saini agizo la kuwaondolea msasa huo wakazi wa kaunti za mpakani. Lakini agizo halikai dirishani. Anayekaa pale ni karani na mazoea yake.

Kwa hiyo ukiulizwa lisiloulizwa wengine, usigombane. Uliza kwa upole: ni sheria gani inayodai hati hii? Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki hiyo. Andika tarehe, saa, ofisi na maneno yaliyosemwa, siku hiyo hiyo, kabla kumbukumbu haijachuja. Kisha peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Hulipi kitu. Na mtoto akizaliwa, msajili ndani ya miezi sita, usingoje aanze shule.

Nina ombi pia kwa wewe usiyeulizwa. Yule kijana aliniambia kilichomuumiza zaidi ni foleni nzima kuangalia chini alipokuwa akihojiwa. Karani akimtaka mwenzako karatasi za babu, sema kwa sauti ya kawaida: "Mimi sikuombwa hizo." Kisha mpe namba yako ya simu, kwa sababu shahidi mmoja aliyekuwa kwenye foleni hiyo hiyo ndiye tunayemkosa karibu katika kila faili tunalofungua.