Ngiri: yanayosemwa Bukavu na ukweli wake

"Ngiri hutibiwa kwa dawa au kwa mkanda."

Ngiri ni tundu kwenye ukuta wa misuli ya tumbo. Utumbo au mafuta ya tumboni hupenya hapo na kuvimbisha kinena, kitovu au pumbu. Hakuna kidonge, mizizi wala chale za wembe zinazoziba tundu hilo. Mkanda huzuia uvimbe kwa muda tu, na ukifungwa utumbo ukiwa bado nje, huuminya. Kwa watoto kuna tofauti kubwa: ngiri ya kitovu mara nyingi hujifunga yenyewe kabla ya miaka 5, na sarafu inayobandikwa juu yake haisaidii lolote. Ya kinena haijifungi. Mtoto mchanga aliye nayo apelekwe kwa daktari mpasuaji mapema.

"Haiumi, basi haina hatari."

Hapa kuna nusu ya ukweli. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 uliwafuatilia wanaume wenye ngiri ya kinena isiyowasumbua. Kati ya walioachwa bila kupasuliwa, utumbo ulibanwa kwa takriban 2 kati ya 1000 kwa mwaka. Lakini ndani ya miaka 10 karibu theluthi mbili yao walikwishapasuliwa, wengi kwa sababu ya maumivu, na hospitali haikuwa mbali nao. Mbeba mizigo wa soko la Kadutu anayepandisha gunia la kilo 50 mlimani, au mkazi wa kisiwa cha Idjwi ambaye lazima avuke ziwa kwanza, asijilinganishe nao. Kwa mwanamke mwenye uvimbe chini kidogo ya mkunjo wa paja, kungoja hakufai kabisa, maana ngiri ya hapo hubanwa upesi.

Dalili za kubanwa: uvimbe mgumu unaokataa kurudi, maumivu makali, kutapika, kutopata choo wala hewa. Usiusukume kwa nguvu, usile, usijipige bomba la haja kubwa. Nenda hospitali yenye mpasuaji usiku huohuo, kwa kuwa muda wa saa 6 hivi unaweza kutosha utumbo kuanza kufa.

"Kisu cha ngiri humaliza nguvu za kiume."

Hofu hii ina chanzo: mrija wa mbegu na mishipa ya damu ya korodani hupita palepale. Mpasuaji huvitenga na kuviweka kando kabla ya kushughulikia ngiri. Korodani kusinyaa kwa kukosa damu ni nadra, na hutokea zaidi kwenye ngiri kubwa sana au iliyorudi. Usimamaji wa uume hautegemei neva za hapo.

Ajabu ni kwamba hatari iliyo ya kawaida zaidi haizungumzwi sokoni: maumivu ya kinena yanayoendelea zaidi ya miezi 3, ambayo huwasumbua wagonjwa wapatao 10 kati ya 100. Mara nyingi ni neva iliyonaswa kwenye uzi au kovu. Mengine ni damu kuvilia pumbuni, jeraha kutunga usaha, na mkojo kukwama baada ya sindano ya uti wa mgongo.

"Bila wavu wa Ulaya ngiri hurudi."

Wavu ni kitambaa chenye matundu kinachoimarisha ukuta wa tumbo; wa kawaida una sentimita 7 kwa 15 hivi. Hushonwa nyuma ya mrija wa mbegu na kupita mfupa wa kinena kwa sentimita 2. Ukiwekwa mfupi hapo, ngiri hupata njia ya kurudi. Kwa mtu mzima mwenye ngiri ndogo, sindano ya ganzi ya lidokaini mahali penyewe inaweza kutosha, na kazi huchukua kama saa moja.

Nchini Uganda, utafiti wa wanaume 302 uliochapishwa mwaka 2016 ulilinganisha wavu wa kiwandani na kitambaa cha chandarua kilichotakaswa kitaalamu. Baada ya mwaka, matokeo yalikuwa karibu sawa. Hilo halimaanishi ubebe chandarua chako cha nyumbani! Kushona bila wavu pia kunafaa mikononi mwa mpasuaji aliyezoea kazi hiyo, na utumbo ukishaoza wapasuaji wengi huogopa kuweka wavu mahali penye uchafu.

"Ni ghali, afadhali kungoja."

Kabla ya tarehe ya kupasuliwa, omba bei ya jumla kwa maandishi, kisha uliza kilichomo: vipimo vya damu, ganzi, wavu, nyuzi, dawa, kitanda, kubadilishwa bandeji. Wavu na dawa ndivyo husahaulika, halafu familia hutumwa famasi mgonjwa akiwa tayari mezani. Mwenye mutuweli (bima ya afya ya kuchangiana) aulize asilimia inayolipwa na kama barua ya kituo cha afya inahitajika.

Upasuaji wa dharura huongeza gharama: usingizi kamili, oksijeni, seramu (maji ya mishipani), antibiotiki, pengine kukata utumbo. Aliyepangiwa huenda nyumbani siku hiyo au kesho yake. Aliyekatwa utumbo huweza kulala wiki nzima au zaidi, na kitanda hulipiwa kila siku.

"Baada ya kushonwa, lala mwezi mzima."

Hapana. Tembea siku ileile, rudia kazi nyepesi baada ya wiki 1 au 2. Gunia na jiwe la kujengea vingoje wiki 4 hadi 6. Kikohozi na choo kigumu vitibiwe mapema, maana huvuta mshono. Homa, usaha, korodani inayouma na kuvimba kwa ghafla, au kutapika: rudi hospitali bila kungoja siku ya miadi.