Harufu ya ganda la chungwa haidumu, tuisaidie vipi?

Pinda ganda bichi la chungwa karibu na mwali wa mshumaa: cheche zitaruka. Hayo ndiyo mafuta tunayoyasaka sisi watengeneza manukato. Yamo ndani ya vifuko vidogo kwenye ngozi ya nje yenye rangi, wala si kwenye nyama nyeupe ya chini. Huwa tunayakamua bila moto, kwa sababu joto la mvuke huchujua ule ubichi.

Ombi ninalopewa mara nyingi ni hili: harufu ya chungwa ikae mwilini mchana kutwa. Haiwezekani kwa ganda peke yake. Zaidi ya asilimia 90 ya mafuta hayo ni limonini, kitu chepesi kinachoruka haraka, na ukizidisha dozi kitaruka vilevile. Mimi hukimbilia mdanzi, mti wa machungwa machungu. Mti huu una ukarimu wa ajabu: ganda la danzi lina uchungu mtamu, majani na vitawi vyake vikikenekwa hutoa mafuta yenye harufu ya majani mabichi yanayokawia zaidi, na maua yake hutoa mafuta yaitwayo neroli. Nikiviweka vyote vitatu pamoja, ganda likiondoka jani hulipokea, pua isitambue pengo. Chini kabisa naweka vetiva kidogo, mafuta ya mizizi ya nyasi yanayokaa muda mrefu. Ninaipenda kazi hii kuliko kutafuta kemikali ya kuigiza chungwa.

Bergamoti, tunda la jamii ya machungwa ambalo kwa sehemu kubwa hutoka Calabria, kusini mwa Italia, hukaa kidogo zaidi kwa sababu ina linalili asetati, kiini cha harufu kisichoruka haraka kama limonini. Lakini tahadhari: mafuta yake ya kukamuliwa yana kemikali iitwayo bergapteni, na ngozi iliyopakwa ikipigwa na jua inaweza kuungua na kubaki na mabaka meusi. Kwa manukato ya mwilini natumia yale yaliyoondolewa bergapteni tu, na nakuomba nawe usifanye vinginevyo.

Halafu hewa. Niliwahi kuacha chupa ya mafuta ya chungwa nusu tupu kabatini kwa miezi kadhaa. Nilipoifungua ilinuka kama vanishi. Limonini ikikutana na hewa huchacha, na iliyochacha huwasha ngozi. Siku hizi nagawa mafuta kwenye vichupa vidogo vinavyojaa hadi shingoni, naandika tarehe, naviweka kwenye friji. Ukiona utando mweupe umetuama chini usiogope, ni nta ya ganda. Chuja, endelea.