Kuku anahema mdomo wazi? Iache kwanza hiyo poda ya njano

Kuanzia Januari hadi Machi, upepo wa kaskazi unapolegea na mji wa Tanga ukabaki na jua na unyevu wake, ombi kwenye maduka ya dawa za mifugo huwa ni lile lile: "Kuku wanahema, nipe dawa ya mdondo." Muuzaji naye haulizi wanahema saa ngapi. Anatoa pakiti ya oksitetrasaiklini, ile poda ya njano ya antibayotiki, anapokea hela, na kesho yake kuku wamepungua.

"Kuku anayehema ana mdondo, anahitaji antibayotiki"

Hapa kuna makosa mawili. Mdondo (wengine wanauita kideri) ni ugonjwa wa virusi, na hakuna antibayotiki inayoua virusi. Hata kama kuku angekuwa na mdondo kweli, poda ile isingemtibu. Mdondo unakingwa kwa chanjo: tone moja la I-2 jichoni, kila baada ya miezi mitatu, kwa kuku asiye mgonjwa, alfajiri au jioni. Usikamate kuku saa saba mchana ukawachanje huku wanahema. Hapo utawaua kwa purukushani.

Kosa la pili ni kutomtazama kuku. Kuku hana tezi za jasho. Joto la kawaida la mwili wake ni nyuzi 41 hadi 42, na hewa ikiwa ya moto njia kubwa iliyobaki ya kujipoza ni kuhema ili maji yafuke kooni na kwenye mapafu. Akiwa ametulia anavuta pumzi kama 20 hadi 40 kwa dakika. Joto likimzidi zinapita 150. Kuhema huko ni kazi ya mwili wake, na ni ishara ya banda lenye joto kabla ya kuwa ishara ya ugonjwa.

Kutofautisha si kazi ngumu. Ingia bandani saa kumi na mbili asubuhi, jua halijapanda. Kuku aliyehema jana kwa joto tu utamkuta ametulia, mdomo umefungwa. Mgonjwa wa kifua bado anavuta pumzi kwa shida. Tega sikio: mkoromo ni ugonjwa. Tazama kamasi, uso uliovimba, uharo wa kijani, shingo iliyopinda, mguu au bawa lililopooza. Ukiona hayo, mwite mtaalamu wa mifugo wa kata. Joto lina sura nyingine: wanaanza wengi kwa pamoja kati ya saa sita na saa tisa mchana, wameachanisha mabawa na mwili, wanasimama mbalimbali au wanalala kwenye udongo wenye unyevu, wanakunywa sana na kula kidogo, na kinyesi ni majimaji. Walionona huanza kuanguka: kuku wa nyama anayekaribia kuuzwa, na tetea mzito anayetaga.

Poda yenyewe ina madhara. Inabadilisha ladha ya maji, na kuku anaweza kunywa kidogo saa ile anayohitaji maji maradufu. Kwa kuku wa mayai ni hasara juu ya hasara. Kuhema sana kunatoa hewa ya kaboni nyingi mwilini, damu inapoteza uwiano wake, na kalsiamu ya kujenga ganda inapungua. Ndiyo maana msimu huu mayai yanakuwa na ganda jembamba. Oksitetrasaiklini nayo inashikana na kalsiamu. Halafu mayai yenye mabaki ya dawa yanauzwa kwa majirani bila kusubiri siku zilizoandikwa kwenye pakiti. Hilo si kosa la ufugaji tena, ni kuwalisha watu dawa.

Kuku akizidiwa fanya hivi. Mtoe taratibu, usimkimbize, mweke kivulini penye upepo. Mtumbukize miguu hadi magotini kwenye beseni la maji ya baridi ya kawaida kwa dakika chache, lowesha upanga na ndevu zake, mpepee. Maji ya kunywa mdondoshee pembeni mwa mdomo ameze mwenyewe. Ukimmiminia kooni yanaingia kwenye mapafu. Asiyeweza kusimama wala kuinua kichwa ana nafasi ndogo, lakini endelea kumpoza. Wengine bandani wape maji yenye elektrolaiti za kuku (chumvi za madini za kuchanganya na maji) kwa kipimo cha pakiti, mchana tu, kisha maji matupu jioni. Ukikadiria chumvi kwa ngumi utawaharisha.

"Mwagie maji ya barafu"

Hapana. Kumzamisha kuku wa moto kwenye barafu kunambana mishipa ya ngozini, joto linabaki ndani. Barafu weka kwenye chombo cha kunywea.

"Kuwanyunyizia maji kunatosha"

Dodoma labda. Hapa pwani hewa tayari imejaa unyevu, na maji yasiyofuka hayapozi kitu. Ukinyunyiza kwenye banda lililozibwa unalifanya kuwa chungu cha kuchemshia. Upepo kwanza, maji baadaye.

"Funga viroba pembeni, jua lisiingie"

Na upepo je? Jua linazuiwa na paa, si na ukuta. Urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi, paa litokeze sentimita 60 hadi mita moja kila upande, na pande ndefu ziwe wavu kuanzia ukuta wa chini wenye kimo cha goti. Kaskazi na kusi zote zitapita. Anayeogopa vicheche na wezi aweke wavu mgumu wenye matundu madogo, asizibe kwa mabati. Makuti yanapoza kuliko bati. Mwenye bati ayatandaze juu yake. Kuku wanne kwa mita moja ya mraba wanatosha msimu huu, na maranda yasizidi sentimita tano.

"Wape chakula kingi mchana wapate nguvu"

Kusaga chakula kunazalisha joto, na linafika kilele saa chache baada ya kula. Wape alfajiri, toa vyombo saa nne asubuhi, rudisha saa kumi jioni. Taa ya jioni kidogo itawasaidia kula.

"Shubiri na pilipili kwenye maji zinashusha joto"

Shubiri kwa uchungu wake inaweza kushusha unywaji, na pilipili haimpozi kuku. Kuku anataka maji safi, yenye ubaridi, yabadilishwe saa tano na saa nane. Ndoo nyeusi iliyokaa juani haiwezi kuwa chombo cha maji. Mtungi wa udongo kivulini ni bora zaidi.

"Wa kienyeji hawasikii joto"

Wanastahimili zaidi, hasa kishingo, kwa kuwa shingo yake haina manyoya. Lakini tetea anayeatamia kwenye kiota cha kona iliyozibwa haondoki kirahisi kwenye mayai yake hata joto likimzidi. Hamishia kiota sehemu yenye upepo usiku, mayai na kila kitu, na umwekee maji hatua moja kutoka alipo.