Mwili haujaizoea dawa, dozi ndiyo haijafika

“Dokta, mwili umeshaizoea hii dawa ya sonona.” Nikiambiwa hivyo, sibishi kwamba sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, imezidi. Ninachohofia ni kilichokwisha kufanyika kabla ya mtu kufika kliniki: ama ameacha vidonge kimyakimya, ama ameanza kumeza viwili viwili kwa ushauri wa jirani. Na ukoo mzima umeshaafikiana kuwa dawa imegoma.

Dawa za sonona si antibayotiki. Hakuna kijidudu kinachojifunza kukwepa kidonge. Wapo kweli watu waliokaa vizuri muda mrefu kwa dozi ileile kisha wakaanza kudidimia, na kwa hao nakiri hatujui kwa uhakika kama dawa imepungua nguvu au ugonjwa umepanda. Lakini hilo ni swali la mwisho kuulizwa. Watu wanaanza nalo.

La kwanza ni dozi. Chukua amitriptilini, dawa ya zamani ya sonona, kidonge kimoja cha miligramu 25 usiku, miezi sita, bila kuguswa. Dozi hiyo italeta usingizi, itapunguza maumivu ya mishipa ya fahamu, itasaidia kipandauso. Sonona ya mtu mzima kwa kawaida inataka 75 hadi 150 kwa siku, na inafikiwa kwa kupandisha 25 au 50 kila wiki, mzee akipandishiwa taratibu zaidi na kuishia chini zaidi. Upo ubishi halali kama kupita 100 kunaongeza nafuu au kunaongeza tu kukauka mdomo. Lakini anayeitetea 25 kama dozi ya kutibu sonona sijamsikia. Basi mgonjwa anakaa hapo nusu mwaka, analala vizuri, analia mchana, halafu tunasema dawa imeshindwa. Dawa haijajaribiwa.

Sababu ya kukwama hapo naielewa. Choo kinakuwa kigumu, ukisimama ghafla kichwa kinazunguka, na anayeandika dawa anaogopa, kwa haki kabisa, kwa kuwa amitriptilini ikimezwa nyingi kwa mpigo inavuruga mapigo ya moyo na inaua. Dawa ya hofu hiyo ni kumpa mgonjwa vidonge vya wiki moja moja, vikae kwa mtu mwingine nyumbani, na mwenye ugonjwa wa moyo apimwe kwanza. Kumwacha kwenye 25 milele hakumlindi na sonona.

Fluoksetini, dawa nyingine ya sonona, ni rahisi zaidi: miligramu 20 asubuhi, na kwa wengi ndiyo dozi yenyewe. Wiki za kungoja nafuu zihesabiwe tangu siku dozi inayotosha ilipofikiwa, nne hadi sita. Mwezi ukiisha bila badiliko hata dogo, rudi kliniki dozi ipandishwe au dawa ibadilishwe. Usingoje mwezi wa tatu kwa adabu.

Sasa linaloniudhi kuliko yote: “vumilia, ndiyo inaanza kuingia.” Kichefuchefu, kichwa kuuma na tumbo kuvurugika katika siku kumi za mwanzo, sawa, vumilia, meza na chakula. Kutotulia ni jambo jingine. Mtu anakaa kwenye kochi, anasimama, anazunguka sebule, anakaa tena, miguu inamsukuma. Usingizi umekatika, hasira ziko juu, na mawazo ya kufa ambayo jana yalikuwa mazito na ya polepole leo yana kasi. Huyo asivumilishwe hata siku moja, arudi leo. Hutokea zaidi dawa inapoanza au dozi inapobadilishwa, na kwa vijana tuwe macho zaidi: mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru onyo kali kuhusu mawazo ya kujiua kwa watoto na vijana mwaka 2004, ikalipanua hadi umri wa miaka 24 mwaka 2007. Yapo pia maelezo ya hatari hiyo, kwamba nguvu za mwili hurudi kabla ya moyo kuchangamka. Yanaeleweka, ingawa ushahidi wake si mzito kama tunavyowaaminisha wanafunzi.

Katika picha hiyohiyo kuna swali linalosahaulika: umewahi kuwa na siku kadhaa unalala masaa matatu, huchoki, unaongea bila breki, hela inatoka, nyumbani wanashangaa? Kama ndiyo, huenda hii si sonona ya kawaida, na dawa ya sonona peke yake inaweza kuchochea moto.

Mengine yanayoweza kuzuia nafuu, kwa haraka. Pombe. Tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri. Upungufu wa damu. Prednisoloni, ile dawa ya pumu na uvimbe. Rifampisini ya kifua kikuu inashusha kiwango cha amitriptilini mwilini. Efavirenzi ya VVU inaweza yenyewe kuleta sonona na ndoto mbaya. Usiiache, sema kliniki. Tramadoli ya mgongo pamoja na fluoksetini ni hatari, inaweza kuleta degedege. Usipovitaja, hakuna atakayevijua.

Kuruka dozi kunadanganya zaidi, hasa kwa fluoksetini, ambayo hubaki mwilini kwa wiki kadhaa. Unaacha, wiki mbili uko sawa, unajisifu kwamba umeweza bila dawa. Kisha giza linarudi polepole, unameza vidonge vichache, huoni kitu, hukumu inatoka: imezoeleka. Amitriptilini ikikatwa ghafla hujibu ndani ya siku chache kwa jasho, kichefuchefu, wasiwasi na ndoto za vurugu. Kinachokuja ndani ya siku chache mara nyingi ni mwili kudai dawa. Kinachojijenga kwa wiki ni ugonjwa wenyewe. Mpaka huo haunyooki kila mara, nami huwa siutegemei peke yake.

Kwa hiyo andika. Daftari la shule linatosha: tarehe ya kuanza, dozi na siku ilipobadilika, siku ulizoruka, masaa uliyolala. Kila wiki, siku ileile, jaza dodoso la maswali tisa la kupima sonona, PHQ-9, alama 0 hadi 27, zikiwa nyingi ndiyo mbaya. Ukitoka 19 ukafika 14 bado unaumwa, ndiyo maana unahisi dawa haifai, lakini imeshasogea alama tano. Hapo mara nyingi tunapandisha dozi kabla ya kufikiria kubadilisha. Ukitoka 14 ukafika 19, naanza uchunguzi upya.

Swali la tisa, la mawazo ya kufa au kujidhuru, halingoji jumla. Likiwa na alama yoyote juu ya sifuri, liseme waziwazi. Watu huandika sifuri kwa kuogopa polisi. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa kinapingana na katiba, lakini hofu haikufutwa pamoja nacho. Ukishakuwa na nia au mpango, usikae peke yako, dawa na sumu za shambani zitoke nyumbani, na uende hospitali iliyo karibu saa hiyohiyo, hata usiku.

Hatuna kipimo cha damu cha kutuambia dawa ipi itakufaa. Katika STAR*D, utafiti mkubwa wa Marekani, dawa ya kwanza iliondoa sonona kabisa kwa takriban mtu mmoja kati ya watatu tu. Dawa ya pili ni jambo la kawaida, na ushauri nasaha hauongezwi kwa sababu wewe umeshindwa. Ungepaswa kuwapo tangu mwanzo.

Ukibadilishiwa kutoka fluoksetini kwenda amitriptilini, utaanzishiwa kidogo, kwani fluoksetini iliyobaki mwilini inapandisha kiwango cha ile mpya. Na vile vya zamani virudishe famasi. Usivimalizie eti visiharibike.